Mita ya hewa ukaa ofisini: inapima nini, na inapotosha wapi

Mita ya hewa ukaa (CO₂) ikisoma 1,400 ppm (sehemu kwa kila milioni ya hewa) kwenye chumba cha mikutano, maana yake ni moja: pumzi za waliomo zinalimbikana kuliko zinavyotoka. Kwa kiwango hicho gesi yenyewe haijawa sumu. Kikomo cha kazini kinachotumika katika nchi nyingi ni wastani wa 5,000 ppm kwa saa 8. Tunaipima kwa sababu kila mtu anaitoa, na ikijazana, basi harufu, mvuke wa gundi na virusi vya mafua vinavyotoka humo humo navyo vinajazana. Wazo hili ni la zamani. Max von Pettenkofer wa Munich alipendekeza mwaka 1858 kwamba chumba cha watu kisizidi 1,000 ppm, na namba hiyo bado inatajwa hadi leo.

Kwa hiyo tusiipe kazi isiyo yake. Karakana ya jirani ikipuliza rangi na mvuke ukaingia ofisini, mita inaweza kusoma 500 tu, na itakuwa imesema kweli.

Kabla ya kununua, angalia aina ya kihisi. Kinachofaa hutumia miale ya infraredi: mwanga hupita kwenye kijichumba chenye hewa, hewa ukaa hunyonya miale yenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 4.26, na kifaa husoma kilichobaki. Vile vya bei ya chini vilivyoandikwa "eCO2" havipimi hewa ukaa kabisa. Vinahisi mivuke ya kemikali, kisha vinakisia. Jaribio ni rahisi: fungua chupa ya kitakasa mikono karibu nacho. Namba ikipaa, kirudishe dukani.

Hata kihisi kizuri kina tabia moja inayowaponza wengi, nayo ni kujisawazisha chenyewe. Kifaa huchukulia kwamba ndani ya kila wiki moja hivi, usomaji wake wa chini kabisa ulikuwa hewa ya nje, takriban 400 ppm, kisha hujirekebisha hapo. Ofisi inayobaki tupu usiku na mwisho wa wiki haina shida. Lakini chumba cha ulinzi au cha kupokea simu chenye watu saa 24 kinaweza kisishuke chini ya 700 mwezi mzima. Kihisi kitaiita 700 hiyo 400, na baada ya wiki chache chumba kitaonekana safi bila mtu kufungua dirisha hata moja. Mahali kama hapo zima kipengele hicho. Toa mita nje, mbali na magari na mbali na pumzi yako, iache dakika 20 hadi 30 itulie, kisha isawazishe kwa mkono kwenye 420, ambayo ndiyo hewa ya nje ya siku hizi.

Mwinuko nao huleta kosa. Kihisi huhesabu molekuli zilizo kwenye njia ya mwanga, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwenye mita 1,600 juu ya usawa wa bahari shinikizo la hewa ni kama hektopaskali (hPa) 835, wakati pwani ni 1,013. Usipoingiza mwinuko kwenye mipangilio, 1,000 ya kweli itasomeka kama 820.

Ukiwa na mita kadhaa, ziweke zote mezani pamoja siku nzima kabla ya kuzisambaza, na uandike kila moja inatofautiana na nyenzake kwa kiasi gani. Bila hivyo hutajua kama chumba B ni kibaya au ni mita B. Kisha zitundike kwenye kimo cha pua ya mtu aliyeketi, mita 1 hadi 1.5 kutoka sakafuni, umbali wa mita 1.5 au zaidi kutoka kwa mtu yeyote. Pumzi inayotoka kinywani ina karibu 40,000 ppm, hivyo mita iliyo kando ya kibodi inampima mwenye kiti. Dirishani, mlangoni, juani na mbele ya kiyoyozi pia hapafai.

Tukifika hapo tunaweza kuhesabu. Mtu aliyeketi akifanya kazi ya ofisi hutoa takriban lita 0.005 za hewa ukaa kwa sekunde. Toa 420 kwenye usomaji, kisha gawanya 5,000 kwa kinachobaki. Jibu ni lita za hewa safi kwa sekunde anazopata kila mtu. Usomaji wa 1,000 unatoa 8.6, na 1,400 unatoa 5.1. Mimi hulenga 10.

Hesabu hiyo ina mtego: inafaa tu namba ikishaacha kupanda. Chumba kinachobadilisha hewa yake mara moja kwa saa huchukua saa 3 hivi kukaribia kilele. Kikao cha dakika 45 kikiishia 900, ziada (kilichozidi 420 ya nje) imefika nusu tu ya inakoelekea, na wangeendelea kukaa ingefika kama 1,300. Ripoti nyingi zinazosema "hewa inatosha" zimeandikwa kwa vikao vifupi vya namna hii.

Ndiyo maana naamini zaidi jaribio la kushuka. Watu wote watoke, mlango ufungwe, kiyoyozi kiachwe kama kawaida, mita irekodi kila dakika. Tuseme imeanza 1,420 na baada ya nusu saa inasoma 670. Ziada imetoka 1,000 hadi 250, yaani imegawanyika mara 4. Logi asilia ya 4 (kitufe cha "ln" kwenye kikokotoo) ni 1.39; igawe kwa saa 0.5, upate mabadiliko 2.8 ya hewa kwa saa. Chumba kikiwa na mita 90 za ujazo, hiyo ni karibu lita 70 kwa sekunde: lita 7 kwa kila mtu wakiwa 10. Pima korido pia, maana ikiwa hewa inayoingia inatoka huko na korido ina 800, kutumia 420 kutaharibu hesabu.

Usishangae kiyoyozi cha ukutani kisipobadilisha chochote. Vingi huzungusha hewa ile ile na kuipoza; watu wanahisi ubaridi na kudhani ni hewa mpya.

Vumbi laini (PM2.5) linahitaji kifaa kingine. Shirika la Afya Duniani lilishusha viwango vyake mwaka 2021 hadi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, na 5 kwa mwaka. Vihisi vya mwanga husoma juu mno unyevu ukizidi asilimia 80 hivi, kwa sababu chembe hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo rekodi unyevu pembeni yake. Na daima pima nje wakati huo huo: ndani 30 na nje 35, tatizo linaingia kupitia dirishani, ndani 30 na nje 8, tafuta chanzo humo humo.

Penye jenereta, boila au magari chini ya jengo, ongeza kihisi cha monoksaidi ya kaboni (CO), gesi ya sumu inayotoka kwenye moto na injini. Mara nyingi hiki huitikia haidrojeni pia, kwa hiyo katika chumba kinamochajiwa betri za asidi, ambazo hutoa haidrojeni, kinaweza kupiga kengele bila moto wowote kuwaka. Hata ukishuku hivyo, watu watoke kwanza, kisha pima tena kwa kihisi kilichofidiwa dhidi ya haidrojeni. Kama ni haidrojeni kweli, angalia feni ya kutolea hewa ya chumba hicho siku hiyo hiyo: gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kuiwasha.