Sokwe ni binamu, sio babu

Hili swali la "kama tumetokana na sokwe mbona sokwe bado wapo" halichoki kuulizwa, ila kosa liko kwenye swali lenyewe, sayansi haijawahi kusema babu yako alikuwa sokwe wa leo. Ni binamu tu, zamani tulikuwa ukoo mmoja, miaka kama milioni 6 au 7 hivi iliyopita ukagawanyika, kila upande ukaenda kivyake.

Na ushahidi tunatembea nao mwilini aisee. Sokwe ana jozi 24 za kromosomu (vile vifurushi vya DNA ndani ya seli), sisi 23, sasa hiyo moja imeenda wapi? Haijapotea, kromosomu mbili ziliungana zikawa moja, ndo hii yetu namba 2, ukiichungulia katikati unakuta vipande vya DNA ambavyo kawaida hukaa kwenye ncha tu, yaani kovu kabisa.