Pampu ya mafuta kwenye injini ya kabureta: inafanyaje kazi na ukibadilisha uangalie nini

Kwenye gari za zamani za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), zile Corolla za injini ya 4K, Peugeot 504, Land Rover za petroli, pampu ya mafuta haimo ndani ya tenki kama hizi za EFI (zinazopulizia petroli kwa umeme). Imefungwa ubavuni mwa injini kwa bolti mbili na haina waya hata mmoja, inaendeshwa na kemshafti, yaani ile shafti ya injini inayofungua valvu.

Kemshafti ina sehemu imetokeza, ikizunguka inasukuma mkono wa pampu, mkono unavuta daiframu (kile kitambaa cha mpira kilicho ndani) na petroli inafyonzwa kutoka tenki kupitia valvu ya kuingilia. Mkono ukiachia, springi inarudisha daiframu na kusukuma mafuta kwenda kabureta kupitia valvu ya kutokea. Hapa ndo wengi hawapaelewi, kinachosukuma mafuta ni springi, sio injini, kwahiyo presha ni ndogo tu, psi 3 mpaka 6 hivi, na kabureta ikijaa kiboya kinachoelea ndani yake kinafunga sindano, yaani mlango wa kuingizia petroli, daiframu inatulia palepale na mkono unacheza bure mpaka mafuta yapungue.

Ndo maana mtu akikushauri uweke pampu ya umeme iliyotolewa kwenye EFI mkatalie kabisa, ile inasukuma psi 40 na kuendelea, sindano haiwezi kuizuia na petroli itamwagikia injini ya moto.

Pampu ikichoka utaijua kwenye mlima. Hapa Tanga mjini, Ngamiani mpaka Raskazone, gari inaenda vizuri tu, ila toka Muheza uanze kupanda Amani inakosa nguvu, inakatakata, inazima, ukipumzika kidogo inawaka tena kama haina tatizo. Lakini usikimbilie kununua spea, filta iliyoziba au mpira uliopasuka upande wa tenki ukawa unavuta hewa unaleta dalili hizohizo, na joto la Tanga la mwezi wa pili nalo linaweza kugeuza petroli kuwa mvuke kwenye paipu. Kuipima, injini ikiwa imepoa, chomoa waya mwembamba wa koili (ile inayotengeneza moto wa plagi) ili pasiwe na moto, toa mpira unaoingia kabureta uuelekeze kwenye chupa, mtu apige selfu kidogo. Pampu nzima inatema kwa nguvu, pu, pu, pu. Ikidondosha matone na filta ni safi, basi imekwisha.

Na kabla ya yote chomoa stiki ya oili uinuse, nasema hivi kwa msisitizo jamani, kwasababu daiframu ikichanika petroli inaweza kushukia kwenye oili. Ukikuta oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli usiwashe tena hiyo gari, oili hiyo imekuwa nyepesi kama maji na beringi za krenki zitakatika.

Kubadilisha kwenyewe sio kazi kubwa. Toa terminali hasi ya betri, sigara mbali, weka alama kwenye mipira maana pampu nyingi za Toyota zina tatu, ya kuingia, ya kutoka na ya kurudisha tenki, halafu ziba ule unaoleta petroli kutoka tenki. Ukishatoa pampu kwangua gasketi ya zamani yote. Kati ya pampu na injini kuna kipande kigumu cha kuzuia joto, hicho kirudishe, fundi akikiacha mkono unaingia ndani kupita kiasi na unaweza kuvunjika, akiongeza gasketi juu ya gasketi mkono haufiki vizuri na mafuta yanakuwa machache. Mkono ukae juu ya kemshafti, usipite pembeni yake. Na kama pampu haitaki kukaa usiilazimishe kwa bolti, zungusha injini kwa spana kwenye puli ya krenki mpaka ile sehemu iliyotokeza igeukie upande wa pili, utaona inakaa yenyewe, hapo kaza bolti zote mbili kidogo kidogo kwa zamu.

Oili kama ilinuka imwage pamoja na filta yake kabla ya kuwasha. Selfu ya kwanza itachukua muda maana paipu ni tupu, piga kidogo uipumzishe, piga tena, na ikiwaka iache saileni (ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta) huku unamulika tochi kwenye klipu zote za mipira na pale pampu inapokutana na injini, ukiona unyevu wowote zima.