Mnyiri wa pweza ukicheza haimaanishi pweza bado mzima

Huku Mtwara, kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, wengi tunaamini mnyiri wa pweza ukikatwa halafu ukawa bado unajinyonganyonga, basi pweza mwenyewe bado mzima na kichwa ndo kinaupa amri. Ukiuona unavyong'ang'ania sufuria, kuamini hivyo ni rahisi kabisa.

Kinachojulikana ni kwamba pweza ana seli za neva kama milioni 500, na karibu theluthi mbili haziko kichwani, ziko kwenye minyiri yake minane, yani kila mnyiri una neva zake za kuhisi na za kuusogeza, hata vile vikombe vidogo vya kunata vinaonja kitu kwa kukigusa tu, jambo ambalo mimi linanishangaza kila nikilifikiria. Kwa hiyo mnyiri uliokatwa unajibu ukiguswa, bila kichwa, mpaka seli zikose oksijeni zizime zenyewe.

Ukitaka kuhakikisha nenda wanapouza samaki wabichi, tafuta minyiri iliyotoka kukatwa sasa hivi, itenganishe, gusa mmoja, utajikunja huohuo. Subiri kidogo uguse tena, utaona nguvu inapungua.