DNA si ya kumtafuta baba tu

Taja DNA kijiweni uone: mazungumzo yanahamia papo hapo kwenye nani baba wa mtoto. Wengi ndiko wanakoijulia. Kumbe mgonjwa aliyekohoa wiki tatu akipeleka makohozi, mashine ya GeneXpert inasoma vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, na ndani ya saa mbili hivi daktari anajua kama rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, itafua dafu. Hiyo nayo ni DNA, ila ya mdudu.

Lakini uzushi unaoniuma zaidi ni wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

"Mtoto karogwa." Alizaliwa mzima, akanawiri. Miezi sita ikikaribia, vidole vya mikono na miguu vinavimba, ukimgusa analia, na majirani wanaanza kunyoosheana vidole. Ukweli ni kwamba mtoto huzaliwa na himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya tumboni, isiyoguswa na kasoro ya ugonjwa huu. Inapopungua, ile yenye kasoro inashika nafasi yake na chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu. Kasoro yenyewe ni herufi moja ya jeni: palipopaswa kuwa A pana T. Alikuja nayo tangu tumboni.

"Imetoka ukoo wa mama." Hapana! Mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, amepokea jeni moja yenye kasoro kwa mama na nyingine kwa baba. Mara nyingi wote wawili ni AS, yaani kila mmoja ana jeni moja nzima na moja yenye kasoro: wazima, hawana habari. Mama anarudishwa kwao kwa kosa ambalo si kosa la mtu yeyote.

"Wa kwanza anaumwa, basi watatu wanaofuata watasalimika." Hii nimeisikia hata kwa waliosoma. Wazazi wakiwa AS wote wawili, kila mimba inaanza hesabu yake upya: nafasi 1 kati ya 4 ya SS, 2 za AS, 1 ya AA, asiye na kasoro kabisa. Mimba ya pili haijui yaliyotokea kwa ya kwanza.

"Kipimo cha sickling, cha kuona kama chembe zinapinda, kimeonyesha mundu, basi ninaumwa." Kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba himoglobini S ipo, hakitenganishi AS na SS. Omba kile kinachochambua aina za himoglobini, hasa kabla ya ndoa.

"Selimundu haiponi kabisa." Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshapandikiza watoto uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa ndugu zao. Na mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kuhariri jeni: seli za mgonjwa mwenyewe zinatolewa, jeni inakatwa mahali maalumu, zinarudishwa, na mwili unaanza tena kutengeneza himoglobini ile ya tumboni. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba iko njiani kuja kwenye zahanati yako. Haidroksiurea, dawa ya kumeza, ndiyo iliyopo, na kwa wengi inaiamsha himoglobini hiyohiyo. Mtoto asiruke dozi.