Je, wajua kompyuta hugunduaje kosa katika namba ya gari isiyowahi kuiona?

Mlinzi wa maegesho mjini Kampala ameandika UBJ 4O7K, herufi O ikakaa mahali pa sifuri. Kompyuta inalishika kosa papo hapo, ingawa gari lenyewe ni geni kwake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ina orodha ya namba zote na huipitia moja moja. Kwa mtindo huo (U, herufi mbili, tarakimu tatu, herufi moja) orodha ingekuwa na namba 17,576,000, ukitumia herufi zote 26. Ni ndefu, ila ina mwisho. Hesabu zenye mabano ndani ya mabano hazina mwisho, na hapo wazo la orodha linakufa. Nilikosea pia kudhani kwamba herufi hulinganishwa nafasi kwa nafasi. Ukiandika “Kmpala”, kila herufi baada ya K ingehesabiwa kuwa kosa, ilhali umesahau A moja tu. Mwaka 1965 mwanahisabati Vladimir Levenshtein alitoa kipimo cha haki zaidi: hesabu mabadiliko machache kabisa ya kufuta, kuongeza au kubadilisha herufi.

Badala ya orodha, kompyuta hupewa sarufi, yaani kanuni za kuunda maandishi halali. Mwaka 1972 wanasayansi wa kompyuta Alfred Aho na Thomas Peterson walionyesha namna ya kuiongezea sarufi kanuni za makosa, kila moja na bei yake.

Fikiria bodaboda. Barabara halali ni bure. Kila njia ya panya, yaani kila kosa, ni shilingi 500. Herufi U, B, J na tarakimu 4 zinapita bure. Kwenye O, barabara inadai tarakimu. Ukiibadilisha unalipa 500. Ukiifuta, kisha ukaongeza tarakimu, unalipa 1,000. Katika kila kituo kompyuta hukumbuka njia ya bei nafuu iliyoifikisha hapo, basi. Hairudii safari nzima. Hata hivyo, kwa sarufi za mabano, mbinu hii inaweza kuwa nzito: maandishi yakirefuka mara mbili, kazi inaweza kuongezeka mara nane.

Lakini tarakimu ipi? Kuanzia 0 hadi 9 zote ni 500, na sarufi peke yake haichagui. Ndiyo maana kubadilisha O kuwa 0 hupunguziwa bei. Natamani bei hizo zipangwe na wanaoyajua makosa ya hapa kwetu: Kiganda huandika R baada ya E na I, kwingineko L, hivyo anayechanganya L na R katika jina la mahali asitozwe 500 nzima.