Maji ya buluu si maji safi: mrututu, klorini na bwawa la nyumbani

“Maji si unayaona yanavyong’aa, fundi? Ni safi hayo.” Kauli hii nimeisikia Forest na Uyole hapa Mbeya, nimeisikia Gangilonga kule Iringa, nimeisikia Mafinga, na inanichosha kuliko nyingine yoyote kwa sababu wanaoumia ni watoto. Mara nyingi anayeisema ndiye huyohuyo aliyeniita, mimi fundi wa mabwawa ya kuogelea, nimsaidie kuhamia klorini kwa gharama ndogo. Nikifungua stoo yake nakuta mfuko wa mrututu, yaani salfeti ya shaba, ile dawa ya buluu kutoka duka la pembejeo.

Naelewa ulikotoka. Huku kwetu ni kilimo. Kahawa ya Mbozi na Rungwe, nyanya za Ilula, kila mkulima anajua kwamba dawa za shaba zinazuia ukungu kwenye majani. Mtu anajenga bwawa, maji yanaanza kuota ukijani, jirani anamshauri aweke mrututu. Anamwaga nusu kilo. Baada ya siku chache ukijani umeondoka na maji yamegeuka buluu ya kupendeza. Kuanzia hapo huwezi kumwambia kitu.

Mrututu unaua mwani, hilo sibishi. Lakini mwani haumlazi mtoto hospitali. Kinachomlaza ni vijidudu vya kuharisha vinavyotoka kwa muogaji mmoja kwenda kwa mwingine, na kwa vijidudu hivyo shaba inafanya kazi polepole mno. Watoto wawili wanaorushiana maji wanamezeshana maji yaleyale ndani ya dakika moja. Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, ya miligramu 1 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa 7.5 na maji yakiwa na nyuzi 25, inaua E. coli chini ya dakika moja. Kirusi cha homa ya ini A kinachukua kama dakika 16, Giardia dakika 45. Cryptosporidium ni mkaidi, anaweza kuvumilia zaidi ya siku 7 kwenye maji yenye klorini sahihi, ndiyo maana mtoto anayeharisha haingii bwawani hata kama umepima vizuri kiasi gani. Sasa kama klorini yenyewe ina mpaka wake, mrututu peke yake unamkinga nani?

Kuna na jambo la kujilimbikiza. Robo ya uzito wa mrututu ni shaba. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5: hizo ni lita 48,000. Ukimwaga kilo moja ya mrututu umeweka zaidi ya miligramu 5 za shaba kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 2 kwa maji ya kunywa. Na shaba haiishi kwa jua wala haipandi na mvuke. Maji yakipungua kwa jua, yenyewe inabaki. Ukiongeza mfuko kila mwezi unaongeza juu ya ile ya mwezi uliopita, mpaka siku utakapomwaga maji au itakapoganda ukutani.

Hapo kwenye kuganda ndipo klorini inaposingiziwa. Mwenye bwawa anaamua kuhama, ananunua klorini ya unga, anamwaga yote mchana mmoja. Klorini ya unga inapandisha pH. Shaba iliyokuwa imeyeyuka inajitenga na kushika kwenye plasta na marumaru, madoa ya kijani kichafu mpaka meusi. Kesho yake napigiwa simu: klorini yako imeniharibia bwawa. Hapana, mzee. Shaba ilikuwemo humo miaka yote, klorini imeionyesha tu. Hata zile nywele zilizopakwa rangi nyepesi zikatoka na ukijani, mkosaji ni shaba.

Kuhama kwa gharama ndogo kunawezekana, ila kuna mpangilio, na cha kwanza kununua ni kipimo cha matone cha klorini na pH. Klorini inafuata baadaye. Nalisema hili kila nyumba na kila nyumba wanataka kuliruka. Bila kipimo utamwaga dawa kwa kubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakomaliza pesa.

Acha mrututu kabisa. Toa nusu ya maji ujaze mapya, shaba inapungua nusu. Maji hayo usiyaelekeze mtoni wala kwenye bwawa la samaki, shaba ni sumu kwao. Osha filta ya mchanga kwa kurudisha maji nyuma mpaka kioo cha filta kionyeshe maji maangavu. Shusha pH hadi 7.2 kwa asidi kidogo kidogo, pampu ikizunguka. Kisha anza klorini polepole: kwa bwawa lile la lita 48,000, gramu 150 za unga wa asilimia 65 zinaongeza kama miligramu 2 kwa lita. Weka dozi hiyo jioni, rudia jioni inayofuata, pima pH kila mara na uirudishe ikipanda.

Namna ya kuweka nayo ina adabu yake. Chota maji ya bwawa kwenye ndoo safi ya plastiki, ndipo umimine unga ndani ya maji. Kamwe usimimine maji juu ya unga. Koroga kwa mti mkavu usio na mafuta, acha ndoo itulie mpaka uone chini kumebaki mashapo meupe. Hiyo ni chokaa. Mimina maji ya juu taratibu ukizunguka ukingo wa bwawa, chokaa ibaki kwenye ndoo. Wanaorusha unga mkavu bwawani ndio wanaolalamika kwamba maji yamekuwa maziwa.

Halafu fanya kitu ambacho wengi hawakifanyi. Pima usiku baada ya dawa kuchanganyika, pima tena alfajiri kabla jua halijagusa maji. Usiku hakuna jua la kula klorini, kwa hiyo ikipungua zaidi ya miligramu 1 kwa lita ujue bado kuna uchafu unaoila. Endelea na dozi. Ikibaki karibu ileile asubuhi, na klorini huru iko kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH kati ya 7.2 na 7.8, watoto waingie. Sasa nijibu kauli nyingine ninazozisikia.

“Harufu kali maana yake klorini imezidi”

Ni kinyume. Ile harufu ya kuchoma pua ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Mara nyingi dawa yake ni klorini zaidi ya kumaliza huo mchanganyiko, na kuwafundisha watu kuoga kabla ya kuingia. Bwawa lenye klorini ya kutosha na waogaji wasafi halinuki hivyo.

“Ukihamia klorini lazima umwage maji yote”

Nusu inatosha kwa wengi. Kumwaga yote wakati wa masika, hasa Tukuyu ambako ardhi inashiba maji, ni hatari: maji ya chini yanaweza kusukuma bwawa tupu likapasuka au likanyanyuka. Ukarabati wa namna hiyo unazidi gharama ya klorini ya miaka. Anayelazimika kumwaga yote asubiri kiangazi.

“Jiki ni rahisi kuliko klorini ya unga”

Linganisha klorini iliyomo, usilinganishe bei ya chupa. Kilo moja ya unga wa asilimia 65 ina gramu 650 za klorini. Lita moja ya jiki yenye asilimia 3.5 ina gramu 35 hivi, tena ikiwa haijakaa dukani kwenye joto. Kwa hiyo kilo ya unga ni sawa na lita 18 na ushee za jiki. Uliza bei za vyote viwili Mwanjelwa, piga hesabu mwenyewe. Ikitokea jiki ni nafuu kwako, chukua isiyo na manukato wala sabuni, itafanya kazi.

“Bwawa la chumvi halina klorini”

Lina klorini. Mashine yake inatumia umeme kutengeneza klorini kutoka kwenye chumvi. Bila mashine hiyo, chumvi ya mawe unayoimwaga bwawani ni chumvi tu, na nimekuta watu wameimwaga kwa magunia.

“Huku kwetu baridi, bwawa halihitaji dawa Juni na Julai”

Mwani unapungua kasi kwenye baridi na matumizi ya klorini yanashuka, kwa hiyo punguza dozi na saa za pampu, bili ya umeme itapungua. Usisimamishe. Na msidanganywe na ubaridi wa hewa: tuko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, mionzi ya jua huku ni mikali kuliko pwani. Klorini isiyo na kinga inaweza kupoteza nusu yake kwa chini ya saa moja ya jua la mchana. Ndiyo sababu nasisitiza dawa iwekwe jioni.

“Tabuleti ndiyo njia ya kisasa, unaweka unasahau”

Tabuleti nyingi za bwawa zina asidi ya sianuriki, ambayo ndiyo hiyo kinga ya jua. Kidogo ni msaada mkubwa, nyingi inaidhoofisha klorini mpaka kipimo kinasoma vizuri huku mwani unaota. Nayo, sawa na shaba, haiondoki mpaka umwage maji. Ushauri wangu kwa mwenye bajeti ndogo ni huu: kwa lita 48,000 tumia tabuleti 13 hivi za gramu 200, moja moja kwenye kielea (kile chombo kinachoelea majini kikiyeyusha tabuleti) kwa wiki kadhaa, zitakufikisha kama miligramu 30 kwa lita za kinga. Kisha rudi kwenye unga na ukae huko.

Wakati wa kubadilisha hapo ndipo ajali zinapotokea, kwa hiyo msomeeni na kijana wa bustani sehemu hii. Tabuleti na unga visigusane vikiwa vikavu wala kwenye chombo chenye unyevu. Vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Usitie unga kwenye kielea kilichokuwa na tabuleti, wala usichotee vyote kwa kopo moja. Asidi iwe na rafu yake mbali na klorini yoyote, maana zikichanganyika zinatoa gesi inayounguza mapafu. Stoo iwe kavu, yenye dirisha, na mlango ufungwe kwa kufuli watoto wasifike. Mfuko wa mrututu utoeni humo, mpeni jirani mwenye mibuni.