Gabapentini: kwa nini dozi yako si dozi ya jirani yako

Gabapentini ni dawa ya cheti cha daktari iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1993 kwa ajili ya kifafa, na baadaye ikaja kutumika sana kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, hasa yale yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi na yale yanayowachoma nyayo wagonjwa wa kisukari. Nikiwa mfamasia, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi kuhusu dawa hii ni kama mgonjwa anaweza kujiongezea kapsuli maumivu yanapozidi. Jibu langu ni hapana, na ningependa kueleza sababu zake, kwa kuwa mgonjwa anayeelewa sababu huzingatia maelekezo kuliko yule aliyekatazwa tu.

Paracetamoli unaweza kuimeza kichwa kinapouma na kuiacha kinapopoa, lakini gabapentini haifanyi kazi kwa namna hiyo. Hupunguza taratibu msisimko uliopita kiasi katika mishipa ya fahamu, na kwa upande wa maumivu huenda zikapita wiki kadhaa za dozi kamili kabla ya nafuu kuonekana wazi. Zaidi ya hayo, dawa hii hutoka utumboni kuingia kwenye damu kwa msaada wa vibebaji maalumu ambavyo uwezo wake una kikomo: vikishajaa, kiasi kinachobaki hupita bila kufyonzwa na kutoka na choo. Anayetumia miligramu 900 kwa siku, zikiwa zimegawanywa mara tatu, hufyonza takriban asilimia 60 ya dawa hiyo. Anayetumia miligramu 3600 hufyonza takriban asilimia 33. Kwa hiyo mtu anayekusanya kapsuli zake tatu za siku na kuzimeza zote usiku hujipatia kizunguzungu cha usiku na upungufu wa dawa mchana, kwa sababu nusu ya dawa iliyomo kwenye damu huondoka ndani ya saa 5 hadi 7 tu. Kwa mgonjwa wa kifafa jambo hili ni zito zaidi, na ndiyo maana hashauriwi kuacha zaidi ya saa 12 zipite kati ya dozi moja na nyingine. Ukisahau dozi, imeze unapokumbuka. Lakini kama muda wa dozi inayofuata umekaribia, iache iliyopita na uendelee na ratiba yako, wala usimeze mbili kwa pamoja.

Kiungo kinachoamua dozi ni figo. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na ini kabla ya kutolewa mwilini, ilhali gabapentini haivunjwi, bali hutoka kama ilivyo kupitia mkojo. Figo zikichoka, dawa hujikusanya. Mtu ambaye figo zake huchuja mililita 60 au zaidi kwa dakika anaweza kuandikiwa miligramu 900 hadi 3600 kwa siku, lakini yule ambaye uchujaji wake uko kati ya mililita 30 na 59 kwa kawaida hapaswi kuvuka miligramu 1400, na kadiri uchujaji unavyoshuka ndivyo dozi inavyopunguzwa. Hapo ndipo ninapowasihi wazee na ndugu zao wawe macho, maana mzee mwembamba mwenye misuli michache anaweza kuwa na kipimo cha kreatinini (taka itokayo kwenye misuli ambayo figo huichuja) kinachoonekana cha kawaida kwenye karatasi ya maabara, huku uwezo halisi wa figo zake ukiwa umepungua sana. Umri na uzito wake ni lazima viingizwe kwenye hesabu. Mgonjwa akianza kusinzia katikati ya mazungumzo, kuyumba anapotembea, kuchanganyikiwa, au mikono ikawa inarukaruka yenyewe, msiseme ni uzee. Mpelekeni hospitali mkiwa na dawa zake zote.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni kuichanganya na dawa nyingine zinazoleta usingizi. Desemba 2019, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba gabapentini inaweza kudhoofisha upumuaji kwa kiwango cha hatari, hasa kwa wazee, kwa wenye maradhi sugu ya mapafu, na kwa wanaotumia dawa za jamii ya afyuni kama mofini, kodeini na tramadoli. Diazepamu na pombe zimo katika kundi hilohilo la vitu vya kuepukwa. Mwambie daktari kila unachokitumia, hata ile dawa ya kikohozi uliyonunua bila cheti. Dawa za kupunguza asidi tumboni zenye alumini na magnesiamu hazileti hatari ya namna hiyo, ila hupunguza ufyonzwaji. Baada ya kuzitumia, subiri angalau saa 2 ndipo umeze gabapentini.

Siku za mwanzo usiendeshe gari wala mashine hadi ujue dawa inakufanyaje. Kuvimba miguu na kuongezeka uzito hutokea kwa baadhi ya watu, nayo ni mambo ya kumweleza daktari unaporudi kliniki. Upele unaoambatana na homa au kuvimba tezi, pamoja na mawazo ya kujidhuru, havingojei siku ya kliniki: tafuta msaada siku hiyohiyo.

Kuacha nako kuna utaratibu wake. Mgonjwa aliyepata nafuu hushawishika kuiacha ghafla, na hata asiyewahi kuugua kifafa anaweza kupata jasho, wasiwasi, kukosa usingizi na maumivu. Mwenye kifafa anaweza kuanguka mfululizo. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua kwa muda usiopungua wiki moja, na mara nyingi mrefu zaidi, chini ya uangalizi wa daktari. Kwa sababu hiyo, rudi kuchukua dawa zingali zimebaki za siku kadhaa, na ukilazwa hospitali kwa ugonjwa mwingine, wajulishe wahudumu mapema kwamba unatumia gabapentini, kiasi gani, na saa ngapi ulimeza dozi ya mwisho.